Mama Chupa wa Kamwokya

"Mimi nimepita vita tatu, Nabintu! Tatu! Na hakuna risasi hata moja imewahi kunitoa nje na sabuni machoni kama hiyo chupa yako! Utaniua wewe. Utaniua, halafu ndiyo utakuwa wa kwanza kwa matanga yangu, unalia kuliko watoto wangu!"

Aliyekuwa anapiga kelele ni Joska, mwenye nyumba, mjane wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikitoa kambini, pamoja na hiyo sauti. Alisimama katikati ya uwanja na kitenge kimefungwa kwapani, kichwa upande mmoja povu, upande wa pili kikavu. Wapangaji wote walikuwa nje vilevile, kila mtu na kitu alichokimbia nacho. Mmoja televisheni. Mmoja sufuria ya maharagwe, bado moto, anaichezesha mkono huu kwenda mkono huu. Mwalimu Komakech, anayefundisha jiografia sekondari, mtu mzima na digrii yake, alikuwa ameshika mto wa kulalia.

Nabintu akasema, "Chupa imeanguka, maman Joska."

"Imeanguka kwa sababu lori ya mchanga imerudi nyuma hapo kwa ukuta!"

"Sasa mimi nitajua lori na ardhi namna gani? Zote zinaanzia chini."

Watu wakacheka. Lakini ungekuwepo ungeona kwamba yeye hakucheka. Alikuwa amepiga goti moja, kiganja kimelala juu ya saruji, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Sasa hiyo chupa. Ni chupa ya soda ya kioo, tupu. Popote Nabintu anapokaa, anaisimamisha kichwa chini miguu juu, mdomo wake juu ya sahani ya bati. Ardhi ikitikisika kidogo tu, chupa inaanguka, sahani inalia kama kengele ya kanisa, na yeye anatoka mbio, "Tokeni! Tokeni!", kwa sauti ya kutosha Kamwokya yote na kipande cha Bukoto. Kwao Goma, chini ya ule mlima wa moto, nyumba yao iliishi hivyo tangu akiwa mdogo, na hakuna aliyewaona vichaa. Kampala chupa inaangushwa na malori, na spika za baa, na mashine ya kusaga posho, na siku moja iliangushwa na panya. Mara moja tu ilisema kweli, mwaka wa elfu mbili kumi na sita, tetemeko la Bukoba lilipotikisa mpaka huku. Siku hiyo Nabintu alikuwa Kikuubo ananunua vitenge. Chupa ikaanguka peke yake nyumbani, ikalia vizuri kabisa, na hakuna mtu hata mmoja aliyetoka. Watoto wa uwanja ndio waliompa jina la Mama Chupa, likamshika kuliko lile la ubatizo.

Alikuja mji huu miaka michache baada ya volkano ya elfu mbili na mbili. Safari hiyo alikuwa anakimbia bunduki, moto alikuwa ameshaukimbia. Akashuka kwenye basi, akatazama vilima vyote hivi vya Kampala, akamshika mkono mtu wa bodaboda, akamwonyesha Kololo.

"Huu unalipuka mwaka gani?"

Mtu wa boda akautazama mlima, akamtazama yeye. "Huo, nyabo? Huo ni wa matajiri. Hauna moto, una mbwa tu."

Alipotafuta chumba, walimpa kimoja kizuri, rahisi, kule bondeni. Akakataa. Moto ukishuka unatafuta bonde, akasema, kama maji. Akapanda juu kwa Joska, kwenye chumba kidogo kuliko kile. Mvua ya kwanza kubwa ikaja, bonde likajaa, magodoro yakaelea, watu wakaanza kunong'ona kwamba yule Mkongomani ni nabii. Yeye mwenyewe alishangaa kuliko wote. Maji hakuwa ameyafikiria hata kidogo.

Kazi yake ni vitenge. Anavipanga kichwani vimekunjwa kama mkate wa kukatwa, anatembea navyo mpaka Ntinda, ofisi kwa ofisi. Lakini juu hapandi. Anasimama chini, kwenye mlango, karibu na geti, na akina mama wa ghorofa ya tatu wanashuka wenyewe na viatu vyao virefu. Ukimwambia panda, anakwambia, "Dada, nguo ni zangu, miguu ni yako." Na wanashuka. Ana jicho la kuchagua rangi, huyo mwanamke. Anakutazama mara moja tu na anakutolea kitambaa ambacho mume wako atauliza umepata wapi.

Na asubuhi, kabla hajaondoka, anawafukuza watoto kwenye mtaro ulio nyuma ya choo. Kwao kuna mashimo ambayo hewa mbaya inatoka chini ya ardhi na kujaa humo. Wanaiita mazuku. Haina rangi, haina harufu, mbuzi anainama kula majani na hainuki tena. Joska aliposikia, akamwambia mtaro wake una harufu ya kutosha na rangi pia, mbuzi wote wa Kamwokya wanaijua. Nabintu akaendelea kuwafukuza watoto.

Basi unaelewa hali yake ilikuwaje mwezi ule wa tano, elfu mbili ishirini na moja, mlima wa Goma ulipopasuka tena. Moto ulishuka, ukala vijiji, ukasimama mlangoni mwa mji. Mama yake mzima, mdogo wake Elisée mzima, sisi tukampa pole, tukafikiri yamekwisha. Hayakwisha. Ardhi ya kule ikaanza kutetemeka mchana na usiku, barabara zikachanika. Siku chache baadaye redio zikasema moto mwingine umeingia chini ya mji wenyewe, mpaka chini ya ziwa. Watu watoke.

Asubuhi ile ile ya lori ya mchanga, Joska bado ana povu, simu ya Nabintu ikalia. Ni ya zamani, sehemu ya kusikilizia imekufa, inaongea kwa spika tu, kwa hiyo siri zake ni za uwanja mzima. Alikuwa Elisée, na kwao dada mkubwa ndiye yaya.

"Yaya, batu banatoka bote. Barabara ya Sake imejaa. Niko na chukudu hapa mulangoni, nimefunga godoro juu yake mama akae." Chukudu ni ile baiskeli yao ya mbao, ya kusukuma, inayobeba mpaka magunia ya viazi. "Lakini mama anakatala."

"Anakatala nini?"

"Anakatala kutoka. Anasema mara ile ni Nabintu alimutoa. Nabintu akisema atoke tena, atatoka. Akisema akae, atakaa. Mimi hanisikilizi. We ndiye utasema, yaya."

"Nitasema kesho," Nabintu akasema. "Nipe mpaka kesho." Simu ikakatika. Joska, ambaye alikuwa bado na maneno mengi kifuani, akayameza, akaenda kumalizia kichwa chake.

Kesho ya nini, utauliza. Mtu anaambiwa moto uko chini ya kitanda cha mama yake, anaomba mpaka kesho? Sikiliza. Ile mara ya kwanza Nabintu alikuwa msichana tu. Moto ulikuwa unashuka, mama hataki kuondoka, na yeye akamvuta kwa mkono, mama analia, mpaka wakavuka kwa Wanyarwanda. Moto ukafunika mtaa wa juu yao, ukasimama kabla ya kufika kwenye uzio wao. Waliporudi nyumba ilikuwepo. Lakini jirani yao, Augustin, ambaye hakwenda popote, alikuwa ameshapanga mawe meusi ya volkano, bado yana joto, ukuta safi, katikati ya kiwanja chao. Mji mzima mipaka ilikuwa imepotea, kila mtu anagombana na kila mtu, nani angewasikiliza mjane na binti? Nusu iliyokwenda ndiyo yenye kaburi la baba. Walimzika hapo wakati wa vita, makaburini hapafikiki. Augustin akajenga jiko juu yake.

Mama hakumlaumu. Hiyo ndiyo iliyomla. Kila Krismasi akipiga simu, wakishasalimiana, wakishaulizana habari za mvua na bei ya unga, mama anasema, "Kama tungekaa." Basi. Hasemi lingine.

Kwa hiyo akisema toka, na moto usitoke, nusu iliyobaki inakwenda, na mama anazeeka kwenye barabara ya watu. Akisema kaa, na moto utoke, hiyo sina haja ya kuimaliza.

Siku hiyo hakwenda Ntinda. Alikaa mlangoni anakunjua vitenge na kuvikunja tena. Jioni Joska, nywele zimeshakauka na roho imeshalainika, akatoa fenesi kubwa, akajipaka mafuta mikononi na kwenye kisu ili utomvu usimgande, akakaa chini kulipasua. Joska haombi msamaha, anakulisha. Mwalimu Komakech akaona fenesi, akaona darasa.

"Nabintu, njoo uione dunia."

"Dunia naiona, mwalimu. Ndiyo shida yangu."

"Kaa. Utamwambia nini mama yako bila kujua kilicho chini yake? Tazama. Hili ganda la juu ndipo tunaishi. Ila la dunia ni jembamba kuliko hili, sana. Dunia ingekuwa nyanya, sisi tumejenga juu ya ngozi ya nyanya."

Kisu cha Joska kikasimama. "Ngozi ya nyanya?"

"Ya nyanya. Chini yake hii nyama nene, tunaiita joho. Watu wanafikiri huko ni uji wa moto. Hapana. Ni jiwe."

"Jiwe," Nabintu akasema, na mabega yake yakashuka kidogo.

"Jiwe moto, lakini jiwe. Ila linatembea. Polepole, kama kucha zinavyoota. Lile la moto zaidi linapanda, lililopoa linashuka, kama maharagwe yanavyozunguka kwenye sufuria, isipokuwa mzunguko mmoja unachukua mamilioni ya miaka."

"Mwalimu, mimi niliiona ikipita kwa mtaa wa jirani. Haikuwa jiwe. Ilimwagika. Ilikuwa inatembea haraka kuliko mama yangu."

Komakech akafurahi. Mwalimu akiulizwa swali anakuwa kama mtu aliyepewa mguu wa kuku. "Swali zuri! Lile jiwe haliyeyuki kwa sababu limebanwa na uzito wa juu. Ukiupunguza uzito, linaanza kuyeyuka bila hata kuongezewa moto. Sasa kwenu kule ganda linavutwa, upande huu mashariki, upande huu magharibi. Linakonda, linachanika. Jiwe la chini linapata nafasi, linayeyuka, linatafuta ufa. Sisi hapa tumekaa kwenye ganda la zamani kabisa, nene, gumu. Kampala haiji kitu."

"Lakini hilo jiwe la moto, hapa chini yetu lipo?"

"Lipo chini ya kila mtu."

"Mwalimu!" Joska aliweka kisu chini. "Hata chini ya nyumba yangu? Mimi nilinunua hii kiwanja na mashahidi, na hakuna mtu aliniambia!"

"Ni mbali, Joska."

"Mbali namna gani? Mbali kama Gulu?"

"Kwa kweli, hata nusu ya njia ya Gulu haifiki..." Akaona uso wake, akaruka. "Ni mbali sana. Na chini zaidi kuna chuma kilichoyeyuka, kinazunguka kama bahari. Katikati kabisa kuna chuma kingine, moto kama uso wa jua, lakini kigumu."

"Moto kama jua na haiyeyuki?"

"Kimebanwa. Watu wote wa Kamwokya wakikukalia kichwani, wewe utapata nafasi ya kuyeyuka?"

"Mimi wapangaji wameshanikalia siku nyingi," Joska akasema, lakini kicheko chake hakikuwa na nguvu, na alikuwa ameinua nyayo zake kutoka kwenye saruji, amezikunja chini ya kitenge.

Nabintu alikuwa hajagusa fenesi. "Nani alishuka akaviona hivyo vyote?"

"Hakuna. Shimo refu kuliko yote watu wamechimba halifiki hata umbali wa kutoka hapa mpaka Mukono."

"Sasa mnajuaje?"

"Matetemeko. Likipiga upande mmoja wa dunia, mitikisiko inapita ndani na kutokea upande wa pili, na watu wanaisikiliza na mashine. Kuna mtikisiko wa kusukuma, huo unapita kila mahali. Kuna wa kuyumba, kama kamba ukiitikisa, huo haupiti kwenye kitu kilichoyeyuka. Usipofika, unajua umekutana na nini huko njiani. Ni kama wewe sokoni. Unalipiga fenesi kwa kidole, unajua ndani kukoje."

"Kumbe mnapiga tu."

"Tunasikiliza."

"Na wewe, mwalimu, hujawahi kupiga fenesi ukasikia limeiva, umefika nyumbani ukakuta bovu?"

Komakech akatazama fenesi. Ni mtu mkweli, na ukweli wake ndio ulioharibu ile jioni. "Nimewahi," akasema.

"Moto ulio chini ya Goma leo. Utatoka ao utarudi?"

"Wataalamu wanasema kuna uwezekano..."

"Mama yangu hakuwauliza wataalamu. Ameniuliza mimi."

"Sijui, Nabintu. Unaweza kusimama njiani, upoe huko huko, uwe jiwe tena. Unaweza kutoka. Hakuna anayejua."

Hakuna aliyemaliza fenesi, na Kamwokya hilo ni jambo la kuandikwa gazetini. Asubuhi yake, dirishani kwa Joska, kulikuwa na chupa ya pili imesimama kichwa chini. Ya bia, ile kubwa, maana Joska hafanyi kitu kidogo. Hakuna aliyethubutu kumcheka. Mwalimu Komakech alipita pale mara mbili, anakohoa, anasema ganda letu ni nene, nene sana, na Joska akamwambia aende akafundishe watoto wa watu, yeye ameshafundishwa vya kutosha.

Elisée akapiga wakati wa chai. Uwanja ulikuwa unaingojea hiyo simu kama matokeo ya uchaguzi. Nabintu akaiweka kiganjani, kwa mbele, kama sahani.

"Yaya, imenyamaza."

"Nini imenyamaza?"

"Ardhi. Jana ilikuwa inatetemeka kila wakati, hata chai inamwagika. Leo, tangu jua litoke, hapana. Kimya."

"Hiyo nzuri!" Komakech akapiga makofi. "Labda imeanza kutulia!"

Nabintu hakumgeukia haraka. Kwao wanasema ardhi ikitetemeka inapumua, ikinyamaza imeshika pumzi. "Mwalimu," akasema, "jikoni kuna mtoto analia, na kuna mtoto alikuwa analia, amenyamaza ghafla. Wewe utamkimbilia yupi?"

Komakech akaacha kupiga makofi.

"Augustin ametoka?" Nabintu akauliza simu.

"Augustin yuko. Ameweka kiti mulangoni kwake, anatuangalia." Nyuma ya sauti ya Elisée ulisikia magari, mbuzi, watu wanaitana majina. "Yaya, bibi yangu na batoto betu balishaenda. Nimebaki mimi na mama. Na mama akibaki, mimi pia sitaenda, unajua. Sema tu. Huyu hapa."

Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ya mama, ndogo, kavu, bila haraka yoyote.

"Nabintu."

"Mama."

"Unisikie vizuri. Mimi sikukukasirikia mara ile. Ulinitoa, na niko muzima. Lakini baba yako amelala chini ya jiko la mutu. Sasa mimi ni muzee, akili yangu imechoka kuchagua. Nitafanya vile utasema, na sitakuuliza tena siku yoyote. Nitoke ao nikae?"

Uwanja mzima ukajibu isipokuwa aliyeulizwa. "Atoke!" Joska alikuwa wa kwanza. "Mwambie atoke! Kiwanja haitembei, atakikuta!"

"Alikikuta mara ile?" Nabintu akasema, polepole tu, kama anauliza bei.

"Uhai kwanza," Komakech akasema. "Nabintu, uhai kwanza."

"Na kama hakuna kitakachotoka, mwalimu? Utaniandikia barua nimpelekee, kwamba ulipiga ukasikia vibaya?"

"Usiseme hivyo."

"Mwambie akae kwa jirani, hapo karibu," mwenye televisheni akadakia, "aangalie kiwanja kutoka mbali." Mwenye maharagwe akamwambia anyamaze, mtu ataangalia kiwanja kutoka mbali akiwa juu ya chukudu? Wakaanza kugombana wao wenyewe, kwa sauti, juu ya kiwanja ambacho hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukiona.

"Nabintu?" simu ikasema.

Alivuta pumzi. Sote tulimwona akiivuta, na Joska akawanyamazisha wengine kwa mkono. Nabintu akaitazama simu. Halafu akamshika Joska mkono, akaufungua, akaiweka simu ndani yake taratibu, kama unavyompa mtu mtoto mchanga amshike kidogo. Akafunga kitenge chake kiunoni, fundo mara mbili. Akaanza kutembea kwenda getini.

"Wewe! Unakwenda wapi?" Joska alikuwa ameishika simu mbali na mwili wake. "Nabintu! Nimwambie nini? Huyu mama iko naongea!"

"Nitoke ao nikae?" simu ikauliza. "Nabintu, uko? Nitoke, mwana wangu, ao nikae?"

Nabintu akafungua geti, akapita, akashuka barabara peku, na hakugeuka.